Mwaka wa Chungu Kimoja

Kwa miaka thelathini na nne mke wangu Aglaia alipika vyungu viwili kila msimu wa mfungo. Kimoja chake, kimoja changu. Kuanzia katikati ya Novemba hadi Krismasi, siku arobaini, yeye hakugusa nyama, wala maziwa, wala mayai, kama alivyolelewa na kama padri anavyotaka. Mimi nilikula nguruwe asubuhi, nguruwe mchana, na jioni nikamalizia kilichobaki cha nguruwe. Sikuona ubaya wowote. Mfungo ni wa wanawake na wazee, ndivyo tulivyozoea kusema wanaume wa kijiji chetu cha Runcu, na mimi tena nilikuwa na udhuru wa kazi, maana mimi ndiye niliyekuwa mwenye kisu.

Hilo la kisu nilieleze mara moja tu. Kijijini kwetu kila nyumba hufuga nguruwe, na karibu kila nyumba humchinja tarehe ishirini Desemba, siku ya Mtakatifu Ignati, mfungo ukiwa bado haujaisha. Siku hiyo hata waliofunga hula kipande cha kwanza kinachokaangwa pale pale uani, kwa heshima ya mnyama, na padri hujifanya hakuona. Wa kushika kamba ni wengi, wa kushika miguu ni wengi, lakini kisu hakishikwi na kila mtu. Nilianza nyumbani kwangu alfajiri, kisha nikapita nyumba nane au tisa hadi mchana. Waliniita Toader Mara Moja, kwa sababu sikuwahi kurudia pigo. Nilijivunia jina hilo, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka ninaousimulia, jioni ya kuamkia mfungo, Aglaia alikuwa amesimama mbele ya jiko la kuni akisugua chungu chake cha udongo kwa majivu. Changu, kile cha chuma, kilikuwa kimefunikwa rafuni, na alikuwa hajakishusha.

"Mwaka huu napika kimoja," alisema.

"Kimoja cha nani?"

"Cha nyumba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kusugua.

"Miaka thelathini na nne napika viwili, Toader. Nimechoka. Si hasira, nimechoka tu. Ukitaka cha pili, kile pale juu, na kibiriti unajua kilipo."

Sikujua kilipo kibiriti. Niliangalia huku na huku jikoni mwangu mwenyewe, mahali nilipokula maisha yangu yote ya utu uzima, nikaona aibu kuuliza.

Huenda ningemjibu vibaya, maana mdomo wangu hauna breki, lakini mchana ule nilikuwa nimemsikia akiongea kwenye simu. Binti yetu Ilinca aliondoka Romania miaka kumi iliyopita, anaishi Torino, analea wazee wa Kiitaliano. Alikuwa amempatia mama yake nafasi: chumba, joto, kazi nyepesi ya kumsomea bibi mmoja kipofu, na kukaa huko moja kwa moja. Nilisimama nje ya mlango na kuni mkononi, nikasikia Aglaia akisema, "Nitakujibu baada ya Krismasi, mwanangu." Hakusema hapana. Baadaye hakuniambia hata neno moja, na mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo niliposikia habari ya chungu kimoja nilielewa, jambo ambalo kwangu ni nadra, kwamba hapa hatuzungumzii maharage.

"Basi kimoja," nilisema. "Siku arobaini si milele."

"Tutaona," alisema.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa kuonewa huruma. Nilikula maharage ya kupondwa yenye vitunguu vya kukaanga juu, nikanyanyuka mezani nikiwa nimejaa tumbo na bado nina njaa, njaa ya mdomo na ya meno. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza kwenye benchi la karibu na jiko, na mara tu nikifumba macho nyama zilianza kunitembelea. Sisemi uongo. Mbavu zilipita mlangoni zikanisalimu kwa heshima, kama majirani waendao kanisani. Soseji zilikuja zikakaa kwenye dirisha, zikaulizana habari za hali ya hewa. Kipande kikubwa cha mafuta ya nguruwe, cheupe, chenye pilipili nyekundu juu yake, kilisimama katikati ya chumba, kikavua kofia. Niliamka nikitafuna.

Shemeji yangu Zaharia, kaka yake Aglaia, alipata sherehe ya bure. Alikuja kila siku kuniangalia, na kila siku alikuja na soseji ya kukausha mfukoni, akaikata kwa kisu kidogo taratibu mbele yangu.

"Habari za malishoni, shemeji?"

"Nzuri. Na za zizini?"

"Nimesikia umeanza kucheua."

"Cheka tu, Zaharia. Wewe ukikosa nyama siku mbili watatuma mtu akamlete padri."

"Mimi?" Akaweka kipande mdomoni. "Mimi sijifanyi mtakatifu. Mwenye kisu anakula kabichi! Siku ya Ignati utamchinja nguruwe kwa kitu gani, kwa sala?"

Aglaia alikuwa akipita na ndoo. "Zaharia," alisema, "ukimaliza kumwangushia mwenzio makombo ya soseji, ufagie." Akafagia kweli, maana yule ni dada yake mkubwa.

Wiki ya pili nyama ziliacha kuja. Sijui zilikwenda wapi. Mwili ulikuwa mwepesi kidogo, na kichwa kilikuwa na utulivu nisiouzoea, ule wa chumba ambacho wageni wameondoka. Theluji ilianguka siku nne mfululizo bila upepo. Nilikaa jikoni kwa sababu hapakuwa na kazi nje, na kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na harufu. Sikujua kabla ya hapo kwamba uyoga mkavu ukitiwa maji ya moto hutoa harufu ya msitu wote wa Septemba. Sikujua kwamba maharage yakianza kuiva yana sauti, sauti ndogo ya chini, wala kwamba Aglaia hutega sikio kuisikia ndipo atie kitunguu saumu. Alikuwa akipika hivyo katika nyumba hii hii, miaka yote, na mimi nilikuwa ng'ambo ya meza na mfupa mkononi.

Siku moja alikuwa akifunga vifundo vya kabichi, wali na uyoga na kokwa za jozi zilizopondwa ndani ya jani la kabichi ya kuchachusha, na mimi bila kuambiwa nikachukua jani nikajaribu. Kifundo changu kilifumuka. Cha pili kikafumuka. Alinyoosha mkono, akanikunjia vidole vyangu juu ya jani, hivi, halafu hivi.

"Usilikabe," alisema. "Si nguruwe."

Sikumbuki mara ya mwisho alikuwa amenishika mkono. Nilifunga vifundo ishirini na saba, vikakaa chunguni vikiwa vimepinda kidogo, na tulipokula hakunionyesha vyangu ni vipi, ingawa sote wawili tulivijua.

Kibiriti kilikuwa nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola, kama mnataka kujua. Nilimwona akikitoa.

Sasa nifike kwa nguruwe. Magoti ya Aglaia yalianza kumsumbua kwa sababu ya barafu uani, nikamwambia aniachie ndoo. Kwa hiyo kila jioni kabla ya giza nilikuwa nikichukua maganda na masazo ya jikoni nikayapeleka bandani. Maganda ya viazi niliyomenya mimi. Majani ya nje ya kabichi yetu. Maji ya maharage. Nyuzi za boga, na ugali wa jana, ule wa manjano tunaoukata kwa uzi. Nguruwe yule alikuwa mkubwa, mweupe, mwenye doa la kijivu juu ya jicho la kushoto. Alikula akiwa amefumba macho.

Sisi nguruwe hatumpi jina. Ni kanuni, na ni kanuni nzuri. Lakini siku moja, nikiwa nimeegemea ukuta wa banda, mvuke wa ndoo ukinipanda usoni, nilisikia ile harufu ya maharage na boga ikiwa ndani ya ndoo yake na ikiwa bado ndani ya mdomo wangu. Ilikuwa harufu ile ile. Tulikuwa tumekula chakula kimoja mchana ule, mimi na yeye, na jana yake, na juzi. Kwetu, kama kwenu, watu waliokula chungu kimoja hawawezi tena kuwa wageni. Wazo hilo lilikuja taratibu, halikuniuma, lilikaa tu kwenye ubavu wangu. Nilitazama theluji ikishuka kupitia mlangoni na nguruwe akitafuna, na kwa kitambo nisichoweza kukipima sikujua kutafuna kule ni kwake au ni kwangu.

Niliporudi ndani nimechelewa, mama mkwe wangu Paraschiva alikuwa amekaa dirishani. Ana miaka themanini na sita, anaishi nasi, anaona kila kitu na kusikia kile anachotaka.

"Siku hizi ndoo inachukua nusu saa," alisema.

"Njia ina barafu, mama."

"Mm. Barafu." Aliuvuta mtandio wake. "Toader, mwanangu, unajua mwenye kumhurumia nguruwe hufanya nini siku ile."

"Hutoka uani."

"Hutoka uani. Kwa sababu gani?"

Alikuwa ananiuliza katekisimu, mimi, baba wa mtu mzima. "Kwa sababu nguruwe akihurumiwa hafi upesi. Roho yake inashikwa na yule anayemhurumia."

"Unajua vizuri," alisema, akarudi kutazama nje.

Bila shaka niliijua kanuni hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisimamia. Kila mwaka, kabla ya kuinua kisu, niliuliza kwa sauti, "Nani hapa ana huruma?" na kila mwaka walitolewa watu: mchumba wa mtu aliyetoka mjini, mtoto, mwalimu wa shule. Walitoka wakichekwa kidogo, kisha kazi ikaendelea. Aglaia hakuhitaji kutolewa. Asubuhi ya Ignati yeye hutoweka kabla ya wanaume kufika, na hurudi kazi ya kuosha utumbo inapoanza, mikono yake ikiwa baridi. Nilijua anakwenda kanisani kuwasha mshumaa. Yaani nilidhani najua.

Wazee wetu husema pia kwamba kila nguruwe huota kisu chake usiku wa kuamkia Ignati, na wengine husema huota amevaa shanga nyekundu shingoni. Nilikuwa nikisimulia hayo kwa kicheko, glasi ya pombe ya matunda ya plamu mkononi. Mwaka ule sikulala hadi karibu na mapambazuko, na nilipopitiwa na usingizi nilijikuta ninatembea kwenye theluji yenye joto. Ilikuwa nene na haikuloanisha. Nilikuwa mzito na mwenye furaha. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, Aglaia amesimama kizingitini na ndoo, kijana, kama siku nilipomwoa, akiniita kwa ile sauti anayowaitia wanyama. Nikaenda. Shingoni mwangu kulikuwa na kitu, nikashika, ni shanga, nyekundu, na zilikuwa na joto la mwili, na niliona ni zawadi. Karibu na mlango mwanamume alikuwa amenipa mgongo. Koti lake nililitambua. Lilikuwa langu, lile lenye kiraka begani ambacho Aglaia alikishona. Nilijua kwamba akigeuka nitauona uso wangu, na nikamngojea ageuke bila hofu hata kidogo, na kutokuogopa kule ndiko kulikonitisha nilipoamka.

Upande wa Aglaia kitandani ulikuwa umeshapoa.

Zaharia alifika na jirani yetu Gavril, mtu mpole mwenye mabega ya ng'ombe. Walikuja na kamba na pombe ya plamu. Marundo ya nyasi kavu ya kuchomea manyoya yalikuwa tayari karibu na kisima. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka, na mbingu ilikuwa na rangi ya maziwa.

"Mtakatifu wetu kaamka," alisema Zaharia. "Kunywa kidogo, shemeji, umekuwa mweupe kuliko theluji ya uani."

Nilikunywa. Tulimtoa nguruwe bandani. Kwa kawaida ni vita. Safari hii aliniona mimi, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa ndoo, alikuja mwenyewe. Alikuja hadi miguuni pangu, akanusa mfuko wa koti langu. Zaharia na Gavril walitazamana.

Walimlaza. Alilala bila kelele. Gavril alikaa nyuma, Zaharia akashika miguu ya mbele, na mimi nikapiga goti mahali ninapopiga goti kila mwaka. Nikaweka mkono wa kushoto chini ya taya. Ngozi ilikuwa na joto, na chini yake damu ilikuwa inapiga, bila haraka.

"Nani hapa ana huruma?" niliuliza, kama kawaida.

"Hakuna," alisema Zaharia.

Nikainua kisu. Kisu kikakaa pale juu. Niliutazama mkono wangu kama ninavyoweza kuutazama mkono wa mtu mwingine, nikaungoja ushuke, na haukushuka. Nguruwe alifumba macho, vile anavyofumba akila.

"Toader," alisema Zaharia.

"Kuna mtu anamhurumia," nilisema. "Angalieni."

Zaharia aliangalia huku na huku kwa dhati. "Gavril, ni wewe?"

"Mimi nina watoto watano," alisema Gavril. "Huruma nitaitoa wapi?"

Zaharia aliendelea: "Mfukuze mbwa. Mbwa naye anatazama." Mbwa akafukuzwa. Nikainua kisu tena, kikakaa. Zaharia akapaza sauti: "Basi ni mama, pale dirishani. Mama! Ondoka dirishani, unatuharibia!"

Mama mkwe alifungua kioo. "Zaharia," alisema, "mimi nimekula nguruwe themanini na tano na wote niliwapenda kwenye sahani. Si mimi." Akafunga kioo, akabaki pale pale.

Gavril aliomba kutoka, kwa usalama, akatoka hadi lango akasimama nje, na Zaharia akabaki akihema peke yake na kilo mia na sitini za mnyama aliyetulia. Theluji ya juu ya banda iliporomoka kidogo. Miaka thelathini na nne ya jina langu ilikuwa mkononi mwangu, na nilijua ningeweza kuulazimisha mkono ule, ningefumba macho nikausukuma, na usingekuwa mara moja. Ungekuwa mara mbili, au tatu. Nguruwe ndiye angelipa kwa ajili ya jina langu, baada ya kunijia mwenyewe. Hilo sikuliweza.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni wewe nini?"

"Ninayemhurumia. Ni mimi. Shika."

Nilimgeuzia kisu, mpini kwake. Zaharia amekitaka kisu kile tangu tulipokuwa vijana, na sote tunajua. Nilingojea mzaha. Aliniangalia, akaangalia kisu, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuta mlango wazi mahali alipozoea kugonga.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "ni maharage tu. Kula kipande uwe sawa."

"Mwite Gavril arudi. Chini ya sikio, vidole vinne, usiogope. Nami natoka, asiteseke."

Nikasimama, nikatoka katika ua wangu mwenyewe. Yaani nilifika jikoni, nikakwama hapo, kwa sababu mtu anayetolewa lazima awe na pa kwenda, nami sikuwa nimewahi kutolewa.

"Mama," nilimwambia Paraschiva, "Aglaia atarudi saa ngapi kutoka kanisani?"

Aligeuka kutoka dirishani. Alinitazama kama anapima kitambaa. "Kanisani," alisema. "Miaka yote hii. Padri mwenyewe saa hizi yuko kwake anangoja wa kumchinjia nguruwe, kanisa limefungwa." Kisha akagonga sakafu kwa fimbo yake, mara mbili.

Chini ya sakafu ya jikoni kuna stoo ya chini ya ardhi, ya mapipa na viazi. Mlango wake uko upande wa nyuma. Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Kulikuwa na taa ndogo ya mafuta, na harufu ya kabichi iliyochacha na ya matufaha, na katikati ya mapipa mawili Aglaia alikuwa amekaa kwenye kigoda, juu ya mto mdogo uliobonyea kabisa. Nilitambua maua ya kitambaa cha mto ule. Ni ya gauni alilovaa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alikuwa na bakuli magotini, limefunikwa kwa sahani. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na hakunisikia nikija.

Hakunisikia kwa sababu alikuwa na sufu ya kondoo masikioni.

Nilisimama pale kwenye ngazi ya mwisho. Yote yaliniingia pamoja, na sikupendezwa nayo. Kila mwaka nilikuwa juu nikisifiwa, na yeye alikuwa hapa chini ya miguu yangu, katika baridi hii, ameziba masikio, kisha akapanda, akaosha utumbo, akanipikia chungu changu. Hakuniambia hata mara moja. Na mimi sikumwuliza hata mara moja ni mshumaa gani anaouwasha.

Kivuli changu kilimgusa, akafumbua macho. Alishtuka, akatazama mikono yangu. Ilikuwa safi. Akatoa sufu ya sikio moja.

"Umejikata? Kuna nini?"

"Nimetolewa," nilisema.

"Nani amekutoa?"

"Mwenyewe. Zaharia ana kisu."

Alisogea, akanipisha ukingo wa pipa. Nilikaa. Mkono wake ulikuwa baridi kama nilivyoukuta kila mwaka bila kuuliza. Juu yetu tulisikia miguu, Gavril akirudi, na sauti ya Zaharia, nyembamba, ikiuliza kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Nani hapa ana huruma?"

Aglaia alitoa kutoka mfukoni kibiriti kikuukuu cha karatasi, kisicho na njiti hata moja. Ndani mlikuwa na sufu kidogo. Akavuta kipande, akakigawanya, akavisokota kati ya vidole vikawa vidonge viwili, akaniwekea mwenyewe, sikio la kulia, kisha la kushoto, taratibu, kama nilivyomwona akifanya na kitunguu saumu. Akaziba tena lake. Dunia ikaondoka.

Sijui tulikaa kiasi gani. Kulikuwa na mwanga wa taa na mapipa na pumzi yake ikitoka nyeupe na yangu ikitoka nyeupe. Nilifikiri kuhusu theluji ya joto. Nilifikiri kuhusu Torino, chumba chenye joto, bibi kipofu akisomewa kitabu kwa sauti ya mke wangu, na nikaona kwamba anastahili kwenda. Nikageuka nikamwuliza, nikisahau kwamba hasikii, "Utamjibu nini Ilinca?" Sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. Alikuwa akitazama midomo yangu. Alifunua bakuli. Vilikuwa vifundo vya kabichi vya jana, vyake na vyangu vilivyopinda, na kijiko kimoja, maana hakumtarajia mtu. Akala kimoja, akanipa kijiko. Tukapokezana.

Kisha moshi ukaja. Uliingia kwa kitundu cha hewa karibu na dari, mwembamba, wenye harufu tamu ya nyasi kavu zinazoungua, na huo ndio uliomwambia kila mwaka kwamba yamekwisha, maana manyoya hayachomwi hadi mnyama awe amekufa. Ulikuwa umekuja upesi. Zaharia hakurudia. Nililia kidogo, sitaficha, sijui kwa ajili ya nguruwe au kwa ajili ya kigoda kile kimoja.

Na nisidanganye: Krismasi nilikula nyama, na nilikula vizuri, na Aglaia vilevile. Lakini hiyo ni Krismasi. Asubuhi ile, moshi ulipofika, Aglaia alitoa sufu masikioni mwake, akaviweka vidonge vyake viwili ndani ya kibiriti. Kisha akaninyooshea kiganja. Sikuelewa anataka nini. Akatikisa vidole, yaani vilete, nikatoa vyangu nikampa. Akavilaza kando ya vile vyake, vinne kwa mstari, akafunga, akakisukuma kibiriti katika ufa kati ya mawe mawili, mahali palipokuwa pameshakuwa laini kwa kusuguliwa.

"Vya mwaka ujao," alisema, akanipa mkono nimvute ainuke.